Mkeka wa Jumamosi na mtaji wa Jumatatu

RUBAVU. Jumamosi ya Januari 30, 2016, timu ya taifa ya DRC iliifunga Rwanda mabao 2-1 katika robo fainali ya CHAN, uwanja wa Amahoro jijini Kigali. Lakini mtu aliyekuwa ameweka pesa kwamba Congo itashinda, kwa aina ya beti iliyozoeleka kuliko zote, alipoteza pesa zake.

Si wizi. Dakika 90 ziliisha kwa sare ya 1-1: Doxa Gikanji alitangulia kufunga, Ernest Sugira akasawazisha kipindi cha pili. Bao la ushindi la Padou Bompunga lilikuja dakika ya 114, ndani ya muda wa nyongeza. Na beti ya kawaida, ile inayoandikwa 1X2, huhesabu dakika 90 pamoja na zile chache ambazo mwamuzi huongeza kufidia muda uliopotea. Inayofuata haihesabiwi. Aliyeweka sare ndiye aliyelipwa usiku ule, hata kama alikuwa Mnyarwanda mwenye huzuni.

Mjini Gisenyi vibanda vya kubeti havihitaji kutafutwa. Wateja wake ni vijana wa mjini, lakini pia wasukuma mizigo wa Petite Barrière, waendesha pikipiki, na wafanyabiashara wadogo wanaorudi kutoka Goma na pesa ya siku mkononi baada ya kuuza nyanya, viazi au maziwa. Pesa hiyo si yote faida. Sehemu kubwa ni mtaji wa kesho, na ndiyo maana inafaa kujua karatasi inayotoka dirishani inasema nini hasa.

Katika 1X2, 1 ni ushindi wa timu ya nyumbani, X ni sare, 2 ni ushindi wa mgeni. Asiyetaka kujifunga kwa tokeo moja huchukua nafasi mbili: 1X humlipa timu ya nyumbani ikishinda au ikitoka sare, X2 vivyo hivyo kwa mgeni, na 12 humlipa yeyote akishinda mradi isiwe sare. Malipo yake ni madogo kwa sababu mteja amenunua matokeo mawili kati ya matatu. Ipo pia beti ya timu itakayofuzu, na hiyo ndiyo ingemlipa shabiki wa Congo mwaka 2016, kwani inahesabu muda wa nyongeza na penalti. Vitu viwili tofauti, bei mbili tofauti, na kwenye simu viko mistari michache tu mmoja chini ya mwingine.

Beti nyingine hazijali mshindi. Mashindano hayo hayo ya 2016, Mali na Uganda zilitoka sare ya 2-2 katika uwanja wa Umuganda, hapa hapa Rubavu. Aliyechukua "zaidi ya mabao 2.5" alishinda, maana yalifungwa manne. Aliyechukua "timu zote kufunga", ile ambayo wabetiji huiita GG, naye alishinda. Hiyo nusu ya 2.5 huwasumbua wageni wa mchezo: hakuna nusu bao, imewekwa ili pasiwe na katikati. Mabao mawili ni chini, matatu ni juu. Handikapu nayo ni kuipa timu dhaifu mabao ya kuanzia kwenye karatasi, au kuipunguzia timu kali: timu yenye -1 lazima ishinde kwa tofauti ya mabao mawili ndipo mteja alipwe.

Aina za beti basi si ngumu. Kazi iko kwenye namba zilizo pembeni yake.

Wenye kubeti Kenya na Uganda huziita odi. Upande wa Goma, kwa Kifaransa, ni cote. Kote katika ukanda huu huandikwa kwa desimali, na hesabu yake ni ya kuzidisha: dau mara odi. Faranga 1,000 kwa odi ya 2.10 hulipa 2,100, na ndani ya hizo 2,100 umo ule 1,000 wa mteja mwenyewe. Faida ni 1,100. Ni kosa la kawaida kuhesabu 2,100 yote kama faida, jambo ambalo hakuna muuza viazi angelifanya kwa gunia lake.

Sasa odi hiyo ipinduliwe. Gawanya 100 kwa 2.10, unapata 47.6. Kampuni inauza tokeo hilo kana kwamba lina nafasi ya asilimia 47.6 ya kutokea. Mfano, mechi moja imewekewa 2.10 kwa mwenyeji, 3.20 kwa sare na 3.40 kwa mgeni. Sare inatoa 31.25, mgeni 29.4. Jumla ya zote tatu ni karibu 108.3.

Lakini mechi haiwezi kuwa na zaidi ya asilimia 100. Ile 8.3 iliyozidi ndiyo sehemu ya mwenye duka.

Kwa anayevuka mpaka kila siku, hili si jambo geni. Mbadilisha fedha wa barabarani hununua dola kwa bei moja na kuiuza kwa bei nyingine. Tuseme ananunua kwa faranga 1,400 na kuuza kwa 1,430. Hajali kama dola itapanda au itashuka jioni ile; anakula zile 30 za katikati, na kadiri watu wanavyobadilisha mara nyingi ndivyo anavyokula. Kampuni ya kubeti inafanya biashara hiyo hiyo, isipokuwa haibandiki bei zake mbili ukutani. Inabandika tatu, na kumwachia mteja kazi ya kujumlisha. Wachache hujumlisha.

Odi pia hupanda na kushuka kama bei ya nyanya. Mshambuliaji akiumia asubuhi, au watu wengi wakimiminika upande mmoja, kampuni hubadilisha bei. Timu yenye mashabiki wengi huweza kuuzwa ghali kuliko inavyostahili, yaani kwa odi ndogo, kwa sababu wanunuzi wake hawaulizi bei. Odi ndogo si ahadi ya ushindi. Ni bei tu, na kitu cha bei kubwa nacho huoza.

Wapo wanaosema mtu wa Rubavu anaijua Etincelles au Marines kuliko kompyuta ya kampuni, na pengine ni kweli, kwa kuwa timu zote mbili zinacheza Umuganda na habari za mazoezini huzunguka mtaani. Kampuni nazo zinalijua hilo. Kwa mechi za ligi ndogo huweka kikomo cha chini cha dau na kujiongezea nafasi kwenye bei. Na mchezaji au kiongozi wa timu haruhusiwi na kanuni za FIFA kubeti soka, kwa hiyo anayenong'ona kuwa amepata habari kutoka ndani ya kambi ama anavunja kanuni ama anadanganya.

Beti moja moja, basi, humgharimu mteja kama asilimia nane kwa wastani wa muda mrefu. Ni ghali, lakini ni gharama inayoonekana. Hasara kubwa iko kwenye mkeka.

Mkeka ni mechi kadhaa zilizofungwa pamoja kwenye karatasi moja. Odi zake huzidishwa zenyewe kwa zenyewe, na hapo ndipo utamu unapoanza. Mechi tano, kila moja timu kali yenye odi ya 1.50: 1.50 mara 1.50 hadi mara tano ni 7.59. Faranga 1,000 inageuka 7,594. Timu tano kali, wikendi moja, mtu anaona kama pesa iko mezani.

Lakini kinachozidishwa si odi peke yake. Odi ya 1.50 ikipinduliwa inatoa 66.7, na ukiondoa sehemu ya mwenye duka kwa kiwango cha mfano wa hapo juu, timu hiyo ina nafasi kama 61.6 kati ya 100. Zote tano kushinda kwa pamoja ni 0.616 ikizidishwa mara tano, yaani chini kidogo ya mara 9 katika 100. Mikeka 100 ya namna hiyo, 91 inachanika. Tena huchanika kwa namna inayomfanya mtu arudi: nne zimeingia, moja imemwangusha dakika ya 88, naye anaamini alikaribia. Hesabu haijui kukaribia.

Ushuru wa duka nao umezidishwa. Kwa mechi moja, katika kila 1,000 hurudi kama 923 kwa wastani. Kwa mechi tano hurudi kama 672. Kwa kumi, 451. Ni sawa na mfanyabiashara anayebadilisha faranga kuwa dola, dola kuwa faranga, tena na tena mara tano barabara moja, kisha anashangaa pesa imeenda wapi. Si ajabu kampuni zinatoa bonasi kwa mkeka mrefu na si kwa beti moja.

Kisha kuna kodi. Sheria ya Rwanda ya 2012 iliweka kodi ya asilimia 15 kwenye ushindi wa mchezaji, ikikatwa kwenye tofauti kati ya malipo na dau. Mwaka 2025 kiwango kilipandishwa hadi asilimia 25, na kodi ya kampuni yenyewe kwenye mapato yake ghafi ikapanda kutoka 13 hadi 40. Mkeka wa 7,594 una faida ya 6,594. Robo yake ni kama 1,648. Mteja anapokea 5,946. Kwa kuwa mikeka 9 tu katika 100 inaingia, kwa kila 1,000 inayowekwa hurudi wastani wa faranga 527.

Karibu nusu imekwenda, na hakuna aliyemwibia mtu.

Msukuma mizigo anayeweka 500 kila siku kwenye mkeka wa namna hiyo, siku sita kwa juma, anaweka 156,000 kwa mwaka. Kwa wastani huo, zaidi ya 73,000 haitarudi. Kwa anayeanza na kikapu cha nyanya, hiyo ni mtaji mzima. Tena wastani huo unamhesabu hata yule mwenye bahati; wengi wako chini yake, kwa sababu wachache wameshinda kwa niaba yao.

Jakpoti ni mkeka uliorefushwa. Nchini Kenya, Mei 2017, mtu mmoja alipatia mechi zote 17 za jakpoti ya SportPesa akachukua zaidi ya shilingi milioni 221, na habari zake zikasomwa ukanda mzima. Mechi 17 zenye matokeo matatu kila moja zinaweza kujazwa kwa njia 129,140,163. Idadi hiyo ni zaidi ya mara tisa ya watu wote waliohesabiwa Rwanda katika sensa ya 2022. Mtu anayeijua soka hupunguza sana njia hizo, ni kweli, lakini hata akizipunguza mara elfu bado zinabaki zaidi ya laki moja.

Siku hizi kampuni nyingi humruhusu mteja kuuza mkeka wake kabla mechi hazijaisha. Timu tatu zimeshinda, mbili zinacheza, simu inamwonyesha kiasi anachoweza kuchukua sasa hivi. Mara nyingine ni uamuzi wa busara kuliko kusubiri. Ila bei hiyo inapangwa na mnunuzi peke yake, na ndani yake amejikatia tena. Anayewahi kulazimika kuuza mzigo wote kwa mlanguzi saa kumi na moja jioni, mpaka ukikaribia kufungwa, anaijua hali hiyo bila kufundishwa.

Kuhusu karatasi yenyewe. Mechi ikiahirishwa au kufutwa, kampuni nyingi huihesabu kwa odi ya 1.00, yaani mkeka unaendelea bila mechi hiyo na malipo yanapungua. Kanuni hiyo, pamoja na kikomo cha malipo na siku za mwisho za kudai ushindi, huandikwa kwa herufi ndogo na ni haki ya mteja kuuliza dirishani kabla ya kulipa. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti, hata akitumwa na mkubwa. Na leseni hutolewa nchi kwa nchi. Mkeka uliokatwa Gisenyi unadaiwa kwa kampuni yenye leseni ya Rwanda, kwa kanuni na kodi za Rwanda. Anayekata mkeka Goma akiwa njiani kurudi nyumbani avuke nao tena kwenda kuudai, akiwa na karatasi isiyolowa mvua.