Je, Mbio Ndefu Hupunguza Unene?

Huenda nyumbani mwako yumo mtu aliyeambiwa na daktari, "Punguza uzito." Shemeji yangu aliambiwa hivyo kwa sababu ya presha. Kesho yake alfajiri akaanza kukimbia katika barabara ya Pangani. Mwezi ulipokwisha akapanda mizani: amepungua kilo moja tu, na goti lamuuma. Akatupa raba uvunguni, akasema, "Mbio ni uongo." Je, alisema kweli?

Haya, tuhesabu. Nguvu ya chakula hupimwa kwa kalori. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilometa moja hutumia yapata kalori 80. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori 7,700 hivi. Basi akikimbia marathoni nzima, kilometa 42, yapata mwendo wa kutoka Tanga mjini hadi Muheza, atachoma mafuta yasiyotimia nusu kilo. Tena akirudi na njaa yake, akanywa soda mbili na kula maandazi matatu, amekwisha kurudisha sehemu ya jasho la asubuhi.

Labda wasema, "Mimi nalima kutwa, mbona nanenepa?" Sikiliza habari hii. Mwaka 2012 wataalamu, akiwamo Herman Pontzer wa Marekani, walitangaza waliyoyaona kwa Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, hapa hapa Tanzania. Watu hao huwinda, huchimba mizizi na kurina asali. Wanaume walitembea yapata kilometa 11 kwa siku, na wanawake karibu 6. Lakini, kwa kadiri ya ukubwa wa miili yao, nguvu walizotumia kwa siku hazikuzidi zile za watu wa Marekani na Ulaya. Pontzer afikiri kwamba mwili uliozoea kazi hubana matumizi mahali pengine, kama mama abanavyo fedha mwisho wa mwezi.

Basi tuache kukimbia? Hasha! Mbio na mwendo huimarisha moyo, hushusha presha, husaidia mwili kutumia sukari, na humsaidia aliyekwisha kupungua asinenepe tena. Shemeji yangu alikosea kwa kuuliza mizani peke yake. Angalipima na presha, asingalitupa raba.

Aliyemwokoa ni dada yangu. Sukari ya chai ilishuka kutoka vijiko vinne hadi kimoja. Bonge la ugali likapungua, mchicha ukaongezeka, na samaki akachemshwa badala ya kukaangwa. Tena hakumpikia mume peke yake, bali chungu kilikuwa kimoja kwa wote, watoto na wageni. Mume naye akaanza upya kwa kutembea, si kukimbia, maana goti la mtu mnene huchukua mzigo mkubwa. Dawa za daktari hakuziacha. Leo mshipi wake umeingia ndani matundu mawili, na presha imetulia.

Kwa hiyo, msomaji, ukitaka kupunguza unene, anzia jikoni. Ukitaka moyo wenye nguvu, toka uende barabarani. Yafaa kufanya yote mawili. Ukisikia maumivu ya kifua njiani, simama, uende hospitali siku ile ile. Wala usikate tamaa upesi: unene ulikuja haba na haba, nao huondoka vivyo hivyo.