Kinachowakwamisha wanawake katika mbio za baiskeli milimani

MNAMO Machi 2023, wanawake wawili kutoka mataifa yasiyotajwa sana katika kurasa za michezo walitawazwa mabingwa wa Cape Epic, mbio za baiskeli za milimani zinazoandaliwa kila mwaka nchini Afrika Kusini. Kim Le Court ni wa Mauritius. Mwenzake, Vera Looser, ni wa Namibia. Mbio hizo huchukua siku nane na kupita zaidi ya kilomita 600 za vumbi, mawe na miinuko, waendeshaji wakishindana wawili wawili. Kanuni haiwaruhusu wawili hao kuachana kwa zaidi ya dakika mbili, hivyo mmoja akipata pancha, mwenzake hana budi kumsubiri.

Le Court alikuwa amewahi kujaribu bahati yake barani Ulaya katika mbio za barabarani, akarejea bila kupata alichokitafuta. Ni katika vijia vya milimani alikojijenga upya. Mwaka 2024 alijiunga na timu kubwa ya Ubelgiji, AG Insurance-Soudal. Aprili 2025 alishinda mbio za Liège-Bastogne-Liège, na miezi mitatu baadaye akawa Mwafrika wa kwanza kuvaa jezi ya manjano katika mbio za wanawake za Tour de France.

Msomaji ana haki ya kuuliza: mbona si Mkenya? Mapafu tunayo, na miinuko ya kufanyia mazoezi haijatupungukia. Wengi hujibu kwa haraka kwamba wasichana wetu hawana ari ya mchezo huu, au kwamba baiskeli ni kazi ya wanaume wa bodaboda na wachuuzi wa maziwa. Jibu hilo halisaidii, kwa sababu linapuuza jinsi mchezo wenyewe unavyoendeshwa.

Tuchukue mbio za mzunguko, zile zinazoshirikishwa katika Olimpiki tangu Atlanta 1996. Waendeshaji hupangwa kwa safu kabla ya kuondoka. Wanaokaa mbele ni wale wenye pointi nyingi walizokusanya katika mashindano yanayotambuliwa na UCI, chama kinachosimamia uendeshaji baiskeli duniani. Asiye na pointi husimama nyuma kabisa. Baada ya mita mia chache njia hubanwa na kuwa kijia cha baiskeli moja, kati ya miti na mawe. Hapo aliye nyuma, hata awe na nguvu za simba, hungoja walio mbele wapite. Dakika moja inayopotea katika foleni hiyo ni vigumu kuirejesha.

Kisha kuna kanuni ya asilimia 80. Ikiwa kiongozi alitumia dakika 15 katika mzunguko wa kwanza, yeyote atakayeachwa nyuma kwa dakika 12 huondolewa njiani na wasimamizi, asije akapitwa na viongozi. Msichana aliyesafiri maelfu ya kilomita anaweza kuondolewa hivyo mbio zikiwa bado mbichi, si kwa kuwa ni mzembe, bali kwa kuwa alianza nyuma. Anarudi nyumbani na pointi haba au bila hata moja, na shindano lijalo anasimama palepale. Yaani hupati pointi kwa kuwa huna pointi!

Njia ya kuuvunja mduara huo ni kushiriki mashindano madogo mengi, msimu baada ya msimu, hadi pointi zijikusanye. Kwa mwendeshaji wa Kenya, hilo aghalabu humaanisha kuvuka mipaka. Tikiti ya ndege, viza, malazi, ada ya kubeba baiskeli na fundi wa kuitengeneza, vyote vinahitajika hata kwa shindano ambalo hakuna gazeti litakaloliandika. Wafadhili wetu, na hapa nasema kama mtu aliyehariri habari za michezo kwa miaka mingi, hupenda kujitokeza siku ya picha. Fulana hugawanywa, hundi kubwa ya kadibodi hunyanyuliwa, na mwezi unaofuata msichana hana nauli ya kwenda Naivasha.

Nafasi zenyewe zilikuwa finyu zaidi kwa wanawake hadi juzijuzi. Katika Olimpiki za London 2012 na Rio 2016, wanaume walitengewa nafasi 50 katika mbio za milimani na wanawake 30. Usawa ulikuja katika michezo ya Tokyo, kila upande ukipewa nafasi 38, na Paris 2024 zikawa 36 kwa 36. Mlango umepanuliwa, lakini ngazi ya kuufikia ni ileile.

Ngazi hiyo huanza na baiskeli inayomfaa mwenyewe. Wasichana wengi huanza na baiskeli ya mtumba iliyoundwa kwa mwanamume mrefu. Fremu ikizidi kimo, mwendeshaji hujinyoosha kupita kiasi, mikono ikafa ganzi, na vidole visifike vyema kwenye breki wakati wa kuteremka. Hapo ndipo ajali hutokea, na hapo ndipo kocha asiyejua husema msichana ni mwoga. Ilhali breki nyingi za kisasa zina skrubu ndogo ya kusogeza mkono wa breki karibu na vidole. Vivyo hivyo springi za mbele zinazojazwa upepo hurekebishwa kulingana na uzito: zikiachwa zilivyo kwa mtu wa kilo 80, wa kilo 50 atarushwarushwa na kila jiwe. Marekebisho haya ni kazi ya dakika chache kwa fundi anayejua, na hayagharimu karibu chochote.

Jambo jingine ambalo haliongelewi kwa sauti ni lishe na hedhi. Mwanaspoti anayefanya mazoezi mazito bila kula vya kutosha mwili wake huanza kujinyima, na kwa mwanamke dalili mojawapo ya mapema ni kukatika kwa hedhi. Wako makocha waliowahi kuichukulia hali hiyo kuwa ishara ya mazoezi mema. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa maelezo rasmi kuhusu upungufu huo wa nguvu na madhara yake, yakiwemo kudhoofika kwa mifupa. Katika mbio ndefu, wataalamu hushauri gramu 60 hadi 90 za wanga kila saa. Ndizi moja ina karibu gramu 25, basi msomaji na ajifanyie hesabu. Msichana anayeondoka kwenda mazoezini alfajiri kwa chai ya rangi hakosi bidii, amekosa kiamshakinywa.

Na akili pia huchoka. Jenny Rissveds wa Uswidi alitwaa dhahabu ya Rio akiwa na umri wa miaka 22, kisha akaandamwa na msongo wa mawazo hadi akaacha kushindana. Alirejea mwaka 2019 katika timu ndogo aliyoiunda mwenyewe, bila shinikizo la medali. Alipata shaba Paris mwaka 2024 na ubingwa wa dunia mwaka 2025. Naye Gunn-Rita Dahle Flesjå wa Norway, bingwa wa Olimpiki wa 2004, alijifungua mwaka 2009 na kushinda ubingwa wa dunia wa masafa marefu mwaka 2013, akiwa na miaka 40. Watu wao waliwapa muda. Huku kwetu mwanamke akishaolewa huulizwa baiskeli ataiuza lini.

Hata hivyo, wapo walioanza kuugeuza mduara. Timu ya Amani, yenye makao Iten, imekuwa na waendeshaji wa kike kutoka Kenya, Uganda na Rwanda. Mwaka 2021 watu wake walianzisha mbio za Migration Gravel Race katika eneo la Maasai Mara, kwenye barabara za changarawe. Hoja yao ilikuwa rahisi: ikiwa viza na nauli vinawazuia Waafrika kuwafuata magwiji, basi magwiji waje huku. Nahodha wao, Sule Kangangi, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano huko Vermont, Marekani, lakini mbio za Mara ziliendelea.

Mazoezini, hofu kubwa ya wasichana wengi si mteremko bali ni nani watakayemkuta msituni. Wakiwa watatu au wanne hofu hiyo hupungua, na ndiyo maana klabu yenye msichana mmoja hatimaye hubaki bila yeyote. Kwa mzazi, mwalimu au mwajiri anayetaka kusaidia, pa kuanzia ni hapo: nauli ya wasichana wanne, matairi ya akiba, na fundi mmoja, mwezi huu na mwezi ujao.