Tumbo Ikikuendesha, Sukari na Chumvi Ndio Kadi ya Kuingiza Maji

Kama umewahi simama kwa geti ya EPZ Athi River ngware ukitafuta kibarua, unajua vile mambo huenda. Walio na kadi wanapita. Wewe unaangalia soja, soja anakuangalia. Mwili yako imejaa mageti kama hizo, na siku tumbo itakuendesha ndio utajua kazi yake.

Kila seli imezungukwa na utando wa tabaka mbili za mafuta. Oksijeni ni kadogo na haina noma na mafuta, so inapenya tu. Sukari na chumvi zinakataliwa. Hizo lazima zipitie milango ya protini, na kila mlango iko na wateja wake. Maji nayo hufuata chumvi imeenda wapi.

Sasa cheki kipindupindu. Sumu ya hiyo bakteria inaacha mlango mmoja wa seli za utumbo wazi. Kloridi inamwagika nje, sodiamu inafuata, na maji nyuma yao. Ikizidi sana, msee anaweza poteza lita 1 kwa saa. Kunywa maji tupu hakutoshi.

Lakini kuna mlango ile sumu haigusi, unaitwa SGLT1. Hauingizi mtu solo: unataka sodiamu 2 na glukosi 1 pamoja. Robert Crane alieleza hii kitu 1960. Hao wakiingia, maji inawafuata. Ndio maana ORS iko na sukari, si ati ya utamu.

1971, kwa kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na dripu, akawapea watu hiyo mchanganyiko wakunywe. Vifo vikashuka kutoka kama asilimia 30 hadi chini ya 4.

So ploti yenu ikishare choo moja na mtu aanze kuendesha, na pakiti ya ORS hakuna: maji safi lita 1, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visawazishwe, usijaze mlima. Sukari ikizidi inavuta maji irudi kwa utumbo, na unaharisha zaidi. Soda pia ni hivyo.

Anywe kidogo kidogo mkielekea hosi. Akiwa hakojoi, macho yameingia ndani ama hawezi simama, msingoje shift iishe.