Seva Mbili, Moja Ikinyamaza

Nukta ya kijani kando ya jina la mwenzako kwenye programu ya Jabber hutoka kwenye seva, na katika mfumo wa Cisco wa ujumbe na uwepo seva hizo hupangwa mbili mbili. Kila moja huhudumia watumiaji wake. Moja ikianguka, pacha wake huwapokea wote. Kwa hiyo, ikiwa seva moja inamudu watu 15,000, jozi nzima isipewe zaidi ya hao. Ofisi ikijaza seva zote mbili, itashangaa siku ya ajali.

Ndani ya kila seva mna programu ya uokoaji inayofanya kazi mbili. Kwa mpangilio wa kawaida, hutuma mapigo kwa pacha kila sekunde 15, na kimya cha sekunde 60 huhesabiwa kuwa kifo. Pia huchunga huduma muhimu za seva yake yenyewe; moja ikizimika kwa sekunde 90, uhamisho wa watumiaji huanza.

Ugumu uko kwenye kile kimya. Mapigo hukosekana hata seva zote mbili zikiwa hai: mtu kabadilisha kanuni za ukuta-moto, swichi imelegea, au mashine pepe imegandishwa kidogo ili ipigwe nakala. Hapo kila seva inaweza kudhani mwenzake amekufa. Ndiyo maana fundi mzuri huanza kwa kusoma hali na sababu iliyoandikwa kwenye ukurasa wa usimamizi wa jozi, kisha kulinganisha saa za matukio kwenye kumbukumbu za seva zote mbili, na za mtandao pia. Huduma iliyozimika na mtandao uliokatika hutibiwa tofauti kabisa.

Kisha kagua hifadhidata ambayo seva hunakiliana. Kwenye mstari wa amri, andika utils dbreplication runtimestate. Kila seva ikionyesha 2, nakala ziko sawa. Ikionyesha 3 au 4, shughulikia hilo kwanza. Angalia na saa za seva, kwani zikipishana hata kumbukumbu unazozisoma zitakudanganya.

Hali mbaya kuliko zote ni pale huduma muhimu zinapokuwa zimeanguka pande zote mbili. Mfumo hauna pa kumhamishia mtu. Kipo kitufe cha kurejesha, lakini ukikibonyeza kabla ya kutibu chanzo, utarudi pale pale.

Hata uhamisho ukifanikiwa, fundi anaweza kuharibu kazi kwa huruma. Baada ya uhamisho, Jabber haziingii zote kwa mpigo mmoja. Kila moja husubiri muda wa kubahatisha, kuanzia dakika 2, ili seva iliyobaki isizidiwe. Simu za malalamiko zinalia, fundi anawasha upya huduma, na watu wanaanza kusubiri upya. Mwache mtumiaji asubiri.

Seva iliyoanguka ikipona, watumiaji hawarudi kwake wenyewe isipokuwa msimamizi aamuru, au awe amewasha urejeshaji wa moja kwa moja. Naona kusubiri amri ni mpangilio wa busara, maana seva inayougua ikirudishiwa watu itawaangusha tena. Ila una gharama: jozi inaweza kukaa wiki nzima ikitegemea seva moja, nukta zote zikiwa kijani, bila mtu kujua. Weka tahadhari ya barua pepe, na fungua ukurasa wa jozi kila asubuhi.

Ukitaka kuboresha mfumo, zima kwanza ulinzi wa jozi, yaani huku kuhamishiana watumiaji, subiri angalau dakika 2, ndipo uguse huduma yoyote.