Chapati Inapomgeuka Mlaji

Juma hili tuingie jikoni.

Tumfikirie kijana mmoja wa Mnyuzi, kule wilayani Korogwe, pale ambapo tawi la reli litokalo Ruvu, lililofunguliwa mwaka 1963, hukutana na njia ya Tanga. Kijana huyu amekulia ugali wa mahindi, ndizi za kupika, na bada, ule ugali wa makopa ya muhogo, kwa kisamvu kilichoungwa kwa nazi. Mkate aliuona kwa nadra. Sasa amepata kazi Dar es Salaam. Asubuhi anakunywa chai kwa maandazi matatu, mchana anakula chapati kwa maharage, na usiku akichoka anachemsha tambi. Baada ya miezi kadhaa tumbo linajaa gesi, anaharisha mara kwa mara, anakonda hata suruali haishiki kiunoni. Akienda likizo kwao mwezi mmoja anapata nafuu. Akirudi mjini, mambo ni yale yale. Nyumbani hukumu imekwisha kutolewa: kuna mtu kazini kamfanyizia.

Kijana huyu ni wa mfano tu, lakini maradhi yenye sura hii yapo na yana jina. Yanaitwa seliaki. Ndani ya ngano, shayiri na nafaka ya Ulaya iitwayo rai mna protini inayoitwa gluteni, ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike bila kukatika. Kwa watu wengi haina neno. Kwa mwenye seliaki, kinga ya mwili huichukulia kama adui, na katika vita hivyo hujeruhi utumbo mwembamba wenyewe. Vile vinyweleo vya utumbo vinavyofyonza chakula hulala na kupungua. Matokeo yake mtu anakula akashiba, na mwili unabaki na njaa. Inakadiriwa kuwa duniani mtu mmoja katika kila 100 anayo, na wengi wao hawajui.

Wala si lazima mgonjwa aharishe. Wengine huja na upungufu wa damu usiosikia vidonge. Wengine hupata vipele vinavyowasha viwikoni na magotini, na wengine mimba huharibika mara kwa mara. Mtoto huacha kukua, tumbo likawa kubwa na miguu myembamba, na mama akalaumiwa kuwa hamlishi.

Jinsi siri hii ilivyojulikana ni kisa cha kusimuliwa. Mwaka 1924 daktari mmoja wa New York, Sidney Haas, alitangaza kwamba amewatibu watoto wa namna hii kwa kuwalisha ndizi mbivu kwa wingi na kuwanyima mikate. Watoto walinenepa, na ndizi ikapata sifa ya dawa. Watu wa Usambara wangefurahi kusikia hayo. Lakini walioamini kwamba wamepona wakarudishiwa mkate waliugua tena. Ilichukua miaka mingi mpaka daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, akaieleza sababu. Alikuwa amekwisha kuishuku ngano tangu miaka ya 1930. Kisha ikaja njaa kuu ya Uholanzi ya mwaka 1944 na 1945, wakati wa vita, mkate ukaadimika. Watoto wake wagonjwa, katikati ya njaa hiyo, wakapata ahueni. Mkate uliporudi, maradhi nayo yakarudi. Mwaka 1950 aliyaandika hayo katika tasnifu yake. Ndizi haikuwa dawa. Dawa ilikuwa kile kilichoondolewa sahanini.

Hata hivyo tusikimbilie kuilaumu chapati. Katika nchi yetu tumbo lina maadui wengi: minyoo, amiba, kichocho, kifua kikuu cha tumbo, virusi vya UKIMWI, hata maziwa kwa wale ambao matumbo yao hayayawezi. Yule kijana wetu huenda anaugua kwa sababu ya maji ya mjini tu. Hivyo vipimo vya kawaida vitangulie. Vikishindwa kueleza, aulize kuhusu kipimo cha damu cha seliaki. Kipimo hiki hakipatikani katika kila zahanati, na aghalabu hufuatwa na uchunguzi wa utumbo kwa mpira wenye kamera, unaochukua kipande kidogo cha kupima.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu akisikia habari hizi huacha ngano siku hiyo hiyo, kisha baada ya miezi mitatu ndipo anakwenda kupimwa. Utumbo umekwisha kuanza kupona, kipimo kinaonyesha hana kitu, na hatajua ukweli. Anayeshuku aendelee kula ngano mpaka apimwe.

Ikithibitika, hakuna kidonge wala sindano ya kuiponya. Tiba ni kuacha ngano, shayiri na rai maisha yote, hata chembe. Mtu wa mjini akisikia hivyo huona dunia imemwisha, akakimbilia maduka makubwa kutafuta biskuti za pekee kutoka ng'ambo kwa bei ya kutisha. Ya nini? Jiko la Mnyuzi limejaa chakula chake: mahindi, mchele, mtama, ulezi, muhogo, magimbi, viazi, ndizi, kunde, dagaa, mchicha. Vitumbua na mkate wa kumimina hutokana na mchele. Ila makopa yawe ya muhogo ulioandaliwa vizuri, kwani ule mchungu una sumu, na mahindi yawe makavu yasiyo na ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara.

Kazi ngumu ni ngano iliyojificha. Unga wa lishe wa watoto, ambao akina mama huuamini sana, mara nyingi huchanganywa na ngano. Bora mama asage wake, katika mashine isiyosaga ngano. Kachori huchovywa katika ngano, urojo huzitowa kwa ngano, tambi na suji ni ngano tupu, bia ya chupa aghalabu ni shayiri. Kuna na kibaba cha dukani kinachotoka katika gunia la ngano kikaingia katika la sembe, na karai la mafuta yaliyokaanga maandazi alfajiri likakaanga viazi saa nne. Mgonjwa itambidi aulize, na muuzaji asimwone ana maringo.

Nafuu huanza baada ya wiki chache, ingawa utumbo huchukua miezi, pengine miaka, kupona kabisa. Na kwa kuwa maradhi haya hufuata ukoo, wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto wa mgonjwa nao wapimwe, hata yule anayejisifu kwamba anamaliza chapati tano na hasikii chochote.