Ujazaji upya wa risasi kwa zana za mkono

Ujazaji upya wa risasi ni kazi ya kutumia tena ganda la risasi iliyokwisha kufyatuliwa kwa kulitia fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya. Inapofanywa kwa zana za mkono, hakuna mashine iliyofungwa mezani; kuna koleo au nyundo na vifaa vichache vinavyoenea katika kisanduku kidogo. Zana hizo zilienea hasa nchini Marekani kuanzia miaka ya 1870. Mpaka leo wapo wawindaji na walenga shabaha wa huko wanaozikumbuka kwa mapenzi, hata kama nyumbani wana mashine za kisasa.

Sehemu za risasi

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda, fataki iliyo kwenye kitako cha ganda, baruti iliyo ndani, na kichwa kinachoruka. (Katika Kiswahili neno "risasi", lenye asili ya Kiarabu, ni jina la kitu hiki kizima na pia la metali laini na nzito ambayo vichwa vilisubiwa kwayo tangu zamani.) Baruti huungua na kichwa huenda zake, lakini ganda hubaki. Kwa kawaida ganda ni la shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, nalo ndilo sehemu ya gharama kubwa. Kulitupa baada ya kulitumia mara moja ni hasara.

Hata hivyo si kila ganda hujazwa kwa urahisi. Mwaka 1866 Edward Boxer wa Uingereza na Hiram Berdan wa Marekani walipata hataza za aina mbili za fataki. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati ya kitako, hivyo fataki iliyotumika husukumwa nje kwa kijiti cha chuma kupitia mdomoni. La Berdan lina matundu mawili ya pembeni, na kijiti hakipiti. Ajabu ni kwamba Wamarekani walilipenda la Mwingereza, na nchi nyingi za bara la Ulaya zikachukua la Mmarekani. Ndiyo sababu moja ya ufundi huu kushamiri zaidi Marekani.

Historia

Wawindaji wa baisani wa miaka ya 1870 walikaa nyikani mbali na maduka, wakisubu vichwa vyao kwa kalibu na kujaza maganda kambini. Mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal huko Connecticut. Koleo zake zilijaza ganda, na baadhi zilikuwa na kalibu ya kusubia vichwa kwenye chombo hichohicho. Kampuni ya Lyman ilinunua Ideal mwaka 1925 na kuendelea kuuza koleo iliyojulikana kwa namba 310.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Bruce Hodgdon wa Kansas aliuza kwa bei nafuu baruti iliyobaki jeshini, na watu wengi wa kawaida wakaanza kujijazia. Mwaka 1958 Richard Lee wa Wisconsin alibuni Lee Loader. Mwanzoni ilikuwa ya bunduki za marisau, baadaye ikatengenezwa ya raifoli na bastola. Hii haihitaji hata koleo. Kila hatua hugongwa kwa nyundo isiyo ya chuma, na baruti hupimwa kwa kijiko kidogo. Mara mojamoja fataki hulipuka inapogongwa, kwa hiyo miwani ya kukinga macho ni lazima.

Mvuto na hatari

Mashine za leo hutoa mamia ya risasi kwa saa. Mwenye nyundo hupata chache tu, lakini kila moja amepita nayo mkononi kuanzia ganda tupu, na aliweza kufanya hivyo jikoni au kando ya moto porini. Wazee husifu hilo kuliko yote, nao wana haki.

Lakini kumbukumbu hizo husahau jambo moja: zana zilizaliwa zama za baruti nyeusi. Baruti ile ilijaza karibu ganda zima, hivyo mtu hakuweza kuitia mara mbili bila kuiona ikimwagika. Baruti isiyotoa moshi, iliyobuniwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, ina nguvu zaidi na mara nyingi huchukua sehemu ndogo tu ya ganda. Kipimo cha pili kinaweza kuingia kimyakimya, na bunduki ikapasuka mbele ya uso wa mfyatuaji. Ndiyo maana wanaotumia zana hizi leo hukagua kila ganda kwa taa kabla ya kuweka kichwa.

Upungufu mwingine ni mdogo. Nyingi ya zana hizi hubana shingo tu ya ganda la raifoli, siyo mwili wote, hivyo risasi iliyojazwa hukaa vizuri katika bunduki ileile iliyolifyatua ganda hilo, na huenda isiingie katika nyingine. Vitabu vya mwongozo vya Ideal vinatafutwa sana na wakusanyaji, lakini vipimo vyake ni vya baruti za wakati ule; anayejaza leo hufuata jedwali jipya la mtengenezaji wa baruti aliyonayo.