Moshi na matone: Gari kuukuu huonyesha linapougulia

KATIKA mtaa wa Utange, eneo la Kisauni, Mombasa, gari lililotimiza miaka 20 si kioja. Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika ng'ambo mradi yasizidi umri wa miaka minane, na gari la aina hiyo likishashushwa katika bandari ya Kilindini huweza kuhudumu miaka mingine 15 au zaidi, likiwa teksi, matatu au la kubebea bidhaa za dukani. Linalomtia mwenyewe tumbojoto ni ile asubuhi linapopigwa stata likatoa wingu la moshi, au linaposogezwa likaacha doa ardhini.

Mara nyingi hukumu hutolewa papo hapo: injini imekufa, ifunguliwe. Kwa mtu ambaye gari ndilo linalolipa karo na kodi ya nyumba, hukumu hiyo si ndogo, kwani mbali na gharama ya vipuri, kila siku ya gereji ni siku isiyo na mapato. Ilhali moshi ule ule huenda umeletwa na kipuri kidogo kinachobadilishwa bila kugusa pistoni hata moja. Rangi ya moshi peke yake haitoshi kuamulia. Muhimu zaidi ni kujua moshi hutoka lini: injini ikiwa baridi au imeshika moto, gari likiwa limesimama au likipanda mlima, na hudumu kwa muda gani.

Moshi mweupe ndio unaowatia watu hofu isiyo na sababu. Petroli ikiungua huzaa maji. Lita moja hutoa takriban lita moja ya maji, ambayo kwa kawaida hutoka ekzosi yakiwa mvuke usioonekana. Bomba likiwa baridi, sehemu ya mvuke huo hugeuka matone yanayodondoka mwishoni mwa ekzosi. Ni dalili ya injini inayofanya kazi yake. Tena katika joto la Mombasa hali hiyo hutoweka baada ya dakika chache, tofauti na Limuru au Nyahururu ambako asubuhi ya baridi huifanya idumu.

Hatari ipo pale wingu jeupe linapozidi kutoka hata baada ya injini kushika moto, likiwa zito na lenye harufu tamutamu ya kulanti. Hapo maji ya rejeta yanaingia ndani ya silinda, kwa kawaida kupitia gasketi ya silinda hedi iliyoungua au hedi iliyopata ufa. Kuna njia rahisi ya kuthibitisha. Injini ikiwa baridi kabisa, mfuniko wa rejeta hufunguliwa, gari likawashwa na maji yakatazamwa: mapovu yasiyokoma ni ishara kwamba gesi ya silinda inapenya kwenye njia za maji. Mfuniko huo haufunguliwi kamwe injini ikiwa moto, kwa maana maji yaliyomo yamebanwa na huweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, kisha yakalipuka usoni mwa anayeufungua.

Ishara nyingine ni oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Lakini hapa pia pana mtego. Utandu mdogo wa rangi hiyo chini ya mfuniko wa kutilia oili huweza kuletwa na unyevu wa hewa ya pwani katika gari linalokwenda safari fupi tu, tuseme kutoka Utange hadi Kiembeni na kurudi. Oili yote ikiwa hivyo, hata ile ya kwenye kijiti cha kupimia, hapo shaka haipo.

Kisa cha gasketi kuungua aghalabu huanzia kwenye mtungi wa maji. Mombasa hutegemea maji yanayosafirishwa kutoka mbali, yakiwemo ya chemchemi za Mzima na ya Baricho kando ya mto Sabaki, na upungufu katika mifereji ni shida ya miaka mingi. Wakazi wengi hukimbilia visima, na maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi. Ndiyo hayo yanayoishia kwenye rejeta. Chumvi huila hedi ya aluminiamu polepole, nayo mashapo huziba vijia vyembamba vya rejeta. Gari huanza kuchemsha kwenye foleni, mwenyewe huongeza maji yale yale, mpaka siku hedi inapopinda. Kulanti hudhaniwa kuwa ni ya nchi za theluji pekee. Kumbe kazi yake katika nchi ya joto ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Asiyeimudu iliyochanganywa tayari huweza kununua ile nzito akaichanganya na maji yaliyotoneshwa, au hata ya mvua yaliyokingwa kwa chombo safi. Ya kisima yafaa yabaki kuwa ya kuokolea safari tu, kisha yamwagwe.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Hapa ndipo wakati wa kutoka kwake unapookoa fedha nyingi. Ukitoka kwa nguvu asubuhi na kupotea baada ya muda mfupi, oili imekuwa ikivuja usiku kucha kupitia sili za valvu. Hali kadhalika, dereva anayetelemka kutoka Mazeras kuelekea Miritini akiwa ameondoa mguu kwenye kanyagio, kisha akaona wingu la buluu nyuma yake anapokanyaga tena, anatazama sili hizo hizo au miongozo ya valvu: wakati wa kuteremka injini huvuta kwa nguvu na kufyonza oili kutoka juu. Katika injini nyingi, fundi stadi huweza kubadilisha sili bila hata kuitoa hedi.

Iwapo moshi huo unaandamana na gari wakati wa kupanda kilima cha Mazeras likiwa na mzigo, nguvu zikipungua na oili ikiisha haraka, huenda ringi za pistoni zimelika. Hata hivyo, kabla ya kukubali ovaholi, mwenye gari ana haki ya kudai kipimo cha mgandamizo. Plagi hutolewa na kipimio kikawekwa mahali pake. Injini nyingi za petroli zenye afya husoma takriban pauni 150 hadi 190 kwa kila inchi ya mraba, na silinda zote hukaribiana. Ile iliyo chini hutiliwa kijiko cha oili na kupimwa upya. Kipimo kikipanda, ringi ndizo zenye lawama; kikibaki pale pale, tatizo liko kwenye valvu au gasketi. Kazi hiyo haichukui hata nusu siku, na gereji inayokataa kuifanya inastahili kuachwa.

Yapo pia mambo madogo yanayoiga ugonjwa mkubwa. Oili iliyojazwa kupita alama huungua. Valvu ndogo ya kupitishia pumzi ya injini ikiziba, mkandamizo wa ndani huisukuma oili kusikotakiwa. Nayo gasketi ya mfuniko wa juu ikivuja, oili hudondokea ekzosi yenye moto, moshi ukafuka kutoka chini ya boneti wala si kwenye bomba la nyuma. Kwa gari la dizeli lenye tabo, sili za tabo zichunguzwe kwanza.

Mnunuzi naye ajue kwamba oili nzito huweza kuuficha moshi wa buluu kwa siku kadhaa. Dawa yake ni kufika bila taarifa ndefu na kugusa boneti. Ikiwa na joto, injini imekwisha kuwashwa na moshi wa asubuhi umekwisha kupeperuka.

Moshi mweusi hauna mafumbo mengi: mafuta ni mengi kuliko hewa. Kwenye njia zisizo na lami, vumbi huziba kichujio cha hewa mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema, na kukibadilisha ndiyo hatua ya kwanza na nafuu. Baadaye hufuata noza, pampu ya dizeli na vihisio. Mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta taa nayo huchangia, kwa sababu mafuta taa hayalainishi vyema pampu na noza za dizeli. Uovu huo ulikuwa umeenea kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliwekea mafuta taa ushuru wa Sh18 kwa lita ili kuukomesha. Anayeupuuza moshi huo kwa sababu gari lingali na nguvu akumbuke wanaouvuta kituoni. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuorodhesha moshi wa dizeli miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu.

Kuhusu matone, chombo bora cha uchunguzi ni boksi la karatasi lililokunjuliwa na kutandazwa chini ya gari usiku. Asubuhi mahali pa doa, rangi na harufu yake hueleza mengi. Maji safi yasiyo na harufu, mbele upande wa abiria, ni ya kiyoyozi, na katika unyevu wa Mombasa huwa mengi bila kuwa kasoro. Ya kijani au mekundu, yenye utamu wa harufu, ni kulanti: rejeta, mipira au pampu ya maji. Hudhurungi au nyeusi katikati ya injini ni oili. Nyekundu yenye utelezi huwa ya giaboksi ya otomatiki au ya usukani, na yenye harufu kali ya salfa ni ya giaboksi ya kawaida au difu. Petroli haihitaji kuelezwa. Injini haiwashwi, betri hufunguliwa na fundi huitwa pale gari lilipo.

Doa la kuogopwa kuliko yote huwa dogo na halina rangi ya kutisha. Ni kimiminika chepesi, cheupe au cha manjano hafifu, kinachoteleza vidoleni, na hupatikana karibu na gurudumu au chini ya kanyagio. Hayo ni mafuta ya breki. Kuongeza mengine kwenye kikopo na kuondoka si tiba, maana mpira unaovuja kidogo gari likiwa limesimama huweza kuachia kabisa breki zinapokanyagwa kwa ghafla katika mteremko wa Daraja la Nyali. Gari lenye doa hilo haliendeshwi hata hadi gereji ya jirani; huvutwa, au fundi hulifuata nyumbani.